Mafuriko ya data mtandaoni: Dalili, chanzo na tiba yake

WAKULIMA wa Milima ya Upare wanaifahamu vyema ndiva, bwawa la asili linalokusanya maji usiku ili asubuhi yafunguliwe na kupelekwa kwa mfereji hadi kwenye shamba la mwenye zamu.

Mifereji ikikosa mwangalizi, maji humwagika kila upande na mwenye zamu huambulia matone.

Hali kama hiyo hutokea pia katika mitandao ya kompyuta ya ofisi, shule na hospitali, iwe mjini Same au kwingineko. Swichi, kifaa ambacho kazi yake ni kupeleka data kwa mlengwa mmoja, huanza kuimwaga kwa kompyuta zote.

Madhara yake si kupungua kwa kasi peke yake. Taarifa za mgonjwa zinazotoka mapokezi kwenda maabara, kama hazikufichwa kwa msimbo, zaweza kusomwa na kompyuta nyingine yoyote iliyofikiwa na mafuriko hayo.

Tangu Mei 1, 2023, ilipoanza kutumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kulinda taarifa za namna hiyo ni wajibu wa kisheria nchini Tanzania.

Swichi inavyofanya kazi

Kila kompyuta ina anwani ya MAC yenye tarakimu na herufi 12. Kompyuta inapotuma data, swichi huiandika anwani ya mtumaji katika jedwali lake, pamoja na tundu ilikotokea.

Data ya anwani isiyokuwamo katika jedwali hupelekwa kwenye matundu yote, isipokuwa lile ilikoingilia. Huo si ubovu, bali ndivyo swichi ilivyoundwa.

Ndiyo maana umeme unapokatika na kurudi, mafuriko ya muda mfupi ni jambo la kawaida, kwani jedwali huanza likiwa tupu. Tatizo ni pale yanapoendelea kwa dakika nyingi au kurudi kila mara.

Vyanzo vikuu

Chanzo cha kwanza ni kompyuta inayopokea bila kutuma, au ambayo majibu yake hupita njia nyingine. Kwa kawaida swichi huifuta anwani iliyokaa kimya kwa sekunde 300, ilhali ruta nyingi za Cisco hukumbuka anwani hizo kwa saa nne. Hivyo ruta huendelea kutuma, na swichi isiyomjua tena mlengwa humwaga data kote.

Chanzo cha pili ni mabadiliko ya mara kwa mara ya njia za mtandao. Itifaki ya STP, iliyobuniwa mwaka 1985 na Radia Perlman wa Marekani ili kuzuia vitanzi, huziamuru swichi zifute anwani mapema, kwa kawaida baada ya sekunde 15 za ukimya. Waya mmoja uliolegea waweza kuibua amri hiyo mchana kutwa.

Chanzo cha tatu ni jedwali kujaa. Swichi nyingi ndogo hubeba anwani elfu chache tu, na mhalifu aweza kulijaza kwa makusudi kwa anwani za bandia.

Hatua za uchunguzi

Kwanza, zitazamwe taa za swichi. Zikimetameta zote kwa pamoja, hata za kompyuta zisizotumika, kuna data inayosambazwa kote.

Pili, iunganishwe kompyuta yenye programu ya Wireshark kwenye tundu la kawaida, kisha isomwe anwani ya mlengwa. Ikiwa ni herufi F tupu, huo ni ujumbe uliokusudiwa kwa wote. Ikiwa ni anwani ya kompyuta nyingine, na data yake inaendelea kuja, hayo ni mafuriko yenyewe.

Tatu, anwani hiyo itafutwe katika jedwali la swichi. Isipokuwamo, kompyuta yenye anwani hiyo itumiwe kuita nyingine kwa amri ya ping. Mafuriko yakikoma papo hapo, chanzo ni ukimya wake.

Nne, anwani ikionekana kuhamahama kutoka tundu moja hadi jingine, kuna uwezekano mkubwa wa kitanzi, yaani waya uliorudishwa kwenye swichi zile zile. Nyaya zinazounganisha swichi zichomolewe mmoja mmoja hadi mtandao utulie.

Tiba

Kwa chanzo cha kwanza, muda wa kumbukumbu wa ruta upunguzwe uwe chini ya ule wa swichi. Kwa cha pili, matundu ya kompyuta za kawaida yasajiliwe kuwa ya ukingoni, ili kuwashwa na kuzimwa kwake kusiufikie mtandao mzima, na waya mbovu ubadilishwe. Kwa cha tatu, kila tundu liwekewe kikomo cha anwani.

Uzembe katika mambo haya una gharama. Novemba 2002, mtandao wa hospitali ya Beth Israel Deaconess mjini Boston, Marekani, ulielemewa baada ya itifaki ya STP kuvuka mipaka yake. Kwa siku kadhaa madaktari na wauguzi walilazimika kurudi kwenye karatasi.

Kwa taasisi ndogo, kinga ya bei nafuu kuliko zote ni mchoro wa mtandao na lebo kwenye kila waya. Fundi ajuaye kila waya unakokwenda hatapoteza siku nzima akiutafuta mmoja.