Kisu cha Mwindaji: Chuma, Pembe na Mgawo katika Nchi ya Shinyanga na Geita

Wahenga wetu wa mwambao wamesema: mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Methali hii humsifu aliyejiandaa, na mwenye kisu butu humwachia mifupa. Lakini tukiingia bara hadi Shinyanga na Geita, katika nchi ya Wasukuma, Wasumbwa na Warongo, tunakuta kisu cha mwindaji kina hadithi nyingine. Huko mwenye kisu kikali alikuwa mgawaji kabla hajawa mlaji, na mgawo ulikuwa na sheria yake.

Tuanze na chuma chenyewe. Wajerumani walipoigundua dhahabu ya Geita mwishoni mwa karne ya 19, nchi ile ilikuwa imekwisha kuvuma kwa madini mengine. Warongo, mafundi wa upande wa kusini-magharibi wa Ziwa Viktoria, waliyeyusha mtapo wa chuma kwa makaa ya miti na mivukuto. Mwanaakiolojia Peter Schmidt, aliyewachunguza Wahaya na Warongo katika miaka ya 1970 na 1980, ameeleza jinsi tanuri lilivyofananishwa na tumbo la uzazi na jinsi kazi ile ilivyozungukwa na miiko. Jembe ndilo lililotukuka kuliko vyote: lilitolewa mahari, likauzwa hadi Tabora, ilikopita njia ya misafara iendayo Bagamoyo. Lakini mhunzi aliyefua jembe ndiye aliyefua pia kigumba cha mshale, mkuki na kisu.

Kisu hicho hakikunjwi. Bapa lake huishia katika mkia mwembamba wa chuma. Mkia huo huchomwa motoni hadi ukawa mwekundu, ukashindiliwa katika mpini wa mti, nao ukajiunguzia mahali pake pa kukaa. Hakuna msumari wala gundi. Kikilegea, kinarudi kwa mhunzi.

Wala kisu hiki si silaha ya kuulia, kama wengi wadhanivyo. Mnyama aliuawa kwa mshale wa sumu au kwa mkuki, na kisu kilingoja ndani ya ala. Kazi yake ilianza baada ya kifo: kukata na kutupa nyama iliyozunguka jeraha la sumu, kuchuna ngozi, kisha kugawa. Hapo ndipo penye uzito. Kwa wawindaji wa tembo, ambao Wasukuma waliwaita bayege, pembe moja ya kila tembo ilikuwa haki ya mtemi. Na neno mtemi lenyewe limetokana na kutema. Wako wasemao ni kwa kuwa mtemi wa kwanza alitema msitu, na wako wasemao ni kwa kuwa mtawala ndiye akataye mashauri. Kwa vyovyote, msomaji ataona kwamba makali na hukumu vilitoka katika kitenzi kimoja.

Bayege walikuwa na nyimbo zao. Frank Gunderson, katika kitabu chake cha 2010 juu ya nyimbo za kazi za Wasukuma, amezikusanya pamoja na za wawinda nyoka na wawinda nungunungu. Sisi wa visiwani tunayo sababu ya kuzisikiliza, kwani pembe walizozipata wawindaji wa bara ndizo zilizoitajirisha Unguja ya karne ya 19. Pembe zilitufikia, nyimbo zilibaki huko.

Kisu nacho kilitengwa na kazi yake pole pole. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya kudhibiti uwindaji, na tangu hapo mwindaji alianza kugeuzwa jangili katika nchi yake mwenyewe. Majembe ya viwandani kutoka Ulaya yakayazima matanuri. Sheria ya Wanyamapori ya 1974, kisha ile ya 2009, ziliendeleza utaratibu wa leseni. Mhunzi hakufa, siku hizi hufua springi za magari mabovu. Ila anachokifua ni kisu cha jikoni na cha buchani.

Vile vya kale vikawa vitu vya kukusanywa. Franz Stuhlmann, aliyefuatana na Emin Pasha katika nchi hizi mnamo 1890 hadi 1892, alikusanya vitu vingi vilivyopelekwa Berlin, na mwaka 1910 akaandika kitabu kizima juu ya ufundi wa Afrika Mashariki. Tofauti ni makumbusho ya Bujora, karibu na Mwanza, yaliyoasisiwa na Padri David Clement: huko zana za mhunzi zinakaa jirani na ngoma. Kisu kisicho na jina la mhunzi wala wimbo wa mwindaji ni chuma tu, na mkusanyaji wa leo akikipa jina la silaha amekikosea.

Kosa hilo si dogo. Tangu 2007 Kanda ya Ziwa ilitangazwa duniani kwa mauaji ya watu wenye ualbino, waliokatwa viungo kwa imani ya kuvuta utajiri wa machimbo na uvuvi. Makali yale hayakuwa na mtemi, mgawo wala mwiko. Asiyejua historia huyaita mila. Anayeijua anaona kwamba mila ndiyo iliyovunjwa.

Leo windo la nchi ile ni dhahabu. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, na Bulyanhulu, wilayani Kahama, ukafuata mwaka uliofuata. Mwaka 2017 sheria ilibadilishwa, Serikali ikapewa haki ya hisa zisizopungua asilimia 16 bila malipo, na mrabaha wa dhahabu ukapanda hadi asilimia 6. Mjadala uliotangulia mabadiliko hayo ulikuwa mkali, na wengi waliuona ni jambo jipya. Bayege wangeutambua mara moja: mnyama amekwisha lala chini, na watu wamesimama kumzunguka wakiuliza pembe ipi ni ya nani, na nani ashike kisu.