'To' au '-ing'? Jua tofauti kabla hujatuma barua ya kazi

Umeandika barua ya kuomba kazi, umeisoma mara tatu, imekaa vizuri. Mwishoni unamalizia hivi: "I look forward to hear from you." Unabonyeza kutuma.

Umekosea kwenye mstari wa mwisho kabisa.

Usijisikie vibaya. Mimi niliutuma mstari huo huo kwenye kila ofisi niliyoomba kazi, mpaka siku mhariri mmoja aliponirudishia barua pepe yangu ikiwa imeongezwa herufi tatu tu: "hear" imekuwa "hearing". Na hapo nina digrii ya habari!

Kosa linaanzia kwenye 'ku-' yetu

Kiswahili kimeturahisishia maisha. Tunasema nataka kusoma, nimemaliza kusoma, naepuka kusoma usiku. Neno ni lilelile, "kusoma", halibadiliki. Kiingereza kinaigawa hiyo "kusoma" mara mbili: "to read" na "reading". Ni "I want to read", lakini "I have finished reading". Ukisema "I have finished to read" utaeleweka, ila aliyezoea lugha hiyo atajua mara moja kwamba umetafsiri kichwani.

Anayeamua ni neno lililotangulia. "Want", "hope", "decide", "plan", "promise", "agree", "refuse" na "manage" hutaka "to". "Enjoy", "finish", "avoid", "keep", "mind", "admit", "deny" na "suggest" hutaka "-ing".

Ukiyatazama vizuri utaona kitu. Mengi ya kundi la kwanza yanatazama mbele, kwenye jambo ambalo bado: natumaini, nimepanga, naahidi. Mengi ya kundi la pili yanashika jambo ambalo lipo au limeshatokea: nafurahia, nimemaliza, nakiri. Inasaidia kukumbuka, ila usiitegemee kupita kiasi. "Suggest" ni kupendekeza jambo la mbele kabisa, na bado ni "She suggested going by bus". Hapo hakuna ujanja, unakariri tu.

"Like", "love", "start" na "begin" hupokea zote mbili bila ugomvi mkubwa. Lakini "would like" ni "to" peke yake: "I would like to apply."

Kuna 'to' mbili

Sasa turudi kwenye barua yetu. Kama "to" ipo, kwa nini tena iwe "hearing"?

Kwa sababu hiyo "to" ni ya aina nyingine. Ni kihusishi, ndugu yake "for" na "about", na kihusishi cha Kiingereza kikifuatwa na kitenzi, kitenzi hicho huvaa "-ing".

Kuzitofautisha kunachukua sekunde mbili. Weka "it" baada ya "to". "I look forward to it" inakubali, kwa hiyo tumia "-ing". "I want to it" haikubali hata kidogo, kwa hiyo acha kitenzi kama kilivyo: "I want to work."

Na hapa Kiswahili chako kinakusaidia. Ukiwa na baada ya, kabla ya, bila, au "kwa" ya kuonyesha njia, Kiingereza chake mara nyingi ni "-ing": "after finishing", "before leaving", "without paying", "by using". Ukiwa na "ili", ni "to". Kwa hiyo barua inaanza na "I am writing to apply", siyo "for applying".

Hii inaweza kukuponza kwenye usaili

Umeulizwa kama unaweza kufanya kazi kwenye presha. Unajibu kwa kujiamini: "I used to work under pressure."

Umewaambia kwamba zamani ulikuwa ukifanya hivyo, na siku hizi basi. Ulichotaka kusema, yaani nimezoea, ni "I am used to working under pressure." Jaribu "it" uone: "I am used to it" inakubali.

Maana inapogeuka kabisa

Vitenzi vichache vinapokea zote mbili lakini kila moja ina habari yake, na hivi ndivyo vya kukaa navyo.

"He stopped smoking" ni mtu aliyeacha sigara. "He stopped to smoke" ni mtu aliyesimama njiani ili avute. Mpe mkewe ujumbe usio sahihi uone.

"Remember" inagusa hela. Mwenye nyumba akiuliza kodi ukamjibu "I remember sending the money", unadai kwamba ulishatuma na picha unayo kichwani. Wewe ukipokea "Remember to send the money", kazi bado inakusubiri. "Forget" ni hivyo hivyo: "I forgot to send it" maana yake hela bado iko kwako.

"Try" nayo. Dirisha limekwama, unahangaika nalo: "I tried to open the window." Chumba kina joto, ukafungua uone kama kutapoa: "I tried opening the window." Kwenye sentensi ya pili dirisha lilifunguka, ila huenda joto liko palepale.

"Make" na "let" zenyewe hazitaki "to" wala "-ing": "Let me explain", "She made me wait." Hapo wengi huchomekea "to" bure.

Kuna moja utakutana nayo ukiwa umeshatuma maombi: "regret". Ukifungua barua pepe ikaanza na "We regret to inform you", "to" inatangulia habari inayokuja, na habari yenyewe unaijua. "I regret sending that letter" inarudi nyuma: barua ilishaenda, na sasa unajuta.