Mwanagenzi Angani

Kazi yangu kwa miaka zaidi ya thelathini ilikuwa kuandaa walimu, na katika kazi hiyo hapakuwa na juma lililonipa fikra nyingi kama juma la kwanza la wanachuo wapya. Mtu anashuka garini na tranka lake, hajui bwalo liko wapi wala kengele ipi ni ya nini, na wale waliomtangulia kwa mwaka mmoja tu wanamtazama kama kunguru anavyotazama kifaranga. Kwa hiyo msomaji wangu asistaajabu akiniona uzeeni nafuatilia historia ya mchezo wa kompyuta. Mjukuu wangu ndiye aliyenitajia mchezo huo, akiusifia mizinga na sayari zake. Mimi nilichokiona ndani yake ni swali langu la zamani: mgeni akiingia katika ulimwengu asioujua, ni nani wa kumfundisha?

Mchezo wenyewe unaitwa EVE Online. Ulibuniwa Reykjavík, mji mkuu wa Iceland, na kampuni ya CCP, iliyoanzishwa mwaka 1997 na ambayo ilijitafutia mtaji kwa kuuza kwanza mchezo wa kawaida wa mezani. Waasisi wake walikuwa wapenzi wa Elite, mchezo wa Uingereza wa mwaka 1984 uliotungwa na David Braben na Ian Bell, ambamo mtu peke yake husafiri baina ya nyota akinunua na kuuza bidhaa. Wao walitaka anga ya namna ile, ila iwe na watu halisi ndani yake. Tarehe 6 Mei 2003 milango ikafunguliwa. Wachezaji wa dunia nzima, ukiwatoa wale wa China ambao walitengewa ulimwengu wao, huingia katika anga moja ile ile, na alitendalo mmoja leo humkuta mwingine kesho.

Hadithi yake ni kwamba wanadamu walipita katika mlango wa angani wakaenda kuishi mbali, kisha mlango ukaporomoka nyuma yao. Walioachwa huko walisahauliana kwa maelfu ya miaka, na katika mabaki yao yakatokea mataifa manne: Amarr, Caldari, Gallente na Minmatar. Mchezaji ni rubani ambaye akiuawa huamka katika mwili mwingine uliowekwa akiba. Chombo chake na mzigo wake, lakini, haviamki. Anayeanza huchagua taifa. Wale Minmatar walikuwa watumwa wa Amarr hata wakaasi, na mimi niliyezaliwa mwambao, si mbali na Bagamoyo, sikusita katika kuchagua.

Sheria ya ulimwengu ule ndiyo iliyonishughulisha zaidi. Kila eneo lina namba ya usalama. Penye namba kubwa wapo polisi, waitwao CONCORD, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo polisi wanavyotoweka, mpaka kufikia sifuri ambako kila mtu na mkuki wake. Lakini hata palipo na polisi, wao huadhibu tu, hawakingi. Mwizi akishajua kwamba chombo chake cha bei rahisi kitateketezwa, naye akapima kuwa mzigo wako una thamani zaidi, atafyatua, na mwenzake atauzoa mzigo. Udanganyifu baina ya wachezaji nao umeruhusiwa kwa sehemu kubwa. Mwaka 2005 kikundi kimoja kilijipenyeza katika kampuni ya wachezaji wengine, kikajifanya rafiki kwa miezi mingi, kisha siku moja kikasomba maghala yote na kumuua mkuu wa kampuni. Wenye mchezo hawakurudisha hata msumari.

Katika mazingira hayo mgeni alipewa nini? Chombo kidogo cha bure, bunduki moja hafifu, na kifaa cha kuchimbia mawe. Stadi za rubani hazipatikani kwa kuua wanyama kama katika michezo mingine. Hupatikana kwa saa ya ukutani. Unaagiza somo, nalo linaendelea kuingia kichwani mwa rubani hata ukizima kompyuta ukalala. Mpaka mwaka 2009 hukuweza kupanga masomo yafuatane, hivyo wapo waliotega saa ya kuwaamsha usiku wa manane ili waagize somo jingine. Palikuwapo pia stadi ambazo kazi yake pekee ilikuwa kuharakisha kujifunza stadi nyingine. Washauri walimwambia mgeni azimalize hizo kwanza, na hivyo akakaa majuma bila kufanya lolote la maana. Mitaala ya aina hiyo naifahamu: nadharia juu ya nadharia, na mwalimu mtarajiwa hajamwona mtoto hata mmoja. Watu wa Reykjavík walizifuta stadi hizo Desemba 2010, nami nawapa heko.

Kabla ya hapo, hata hivyo, jambo kubwa zaidi lilikwisha kutendeka, na wenye mchezo si waliolitenda. Mwaka 2004, mchezo ukiwa haujatimiza hata mwaka, wachezaji wenyewe walianzisha chuo, wakakiita EVE University. Hakikuwa na ada wala mshahara. Waliojua kidogo waliwafundisha wasiojua kitu: namna ya kufunga silaha, kusoma soko, kupita penye maharamia. Waliandika maelezo yao yakawa maktaba ambayo hata maadui wao huisoma. Na kwa kuwa chuo kilijaa wanagenzi, makundi ya vita yalikitangazia vita mara kwa mara. Chuo hakikufungwa. Kilitunga kanuni za wakati wa vita, kikawatoa wanafunzi makundi kwa makundi katika vyombo vya bei ndogo, wafe wengi pamoja na warudi wakijadili wamekufaje.

Wengine walimtafutia mgeni kazi. Kuanzia mwaka 2006 kundi la Goonswarm, lililotokana na jamii ya wachekeshaji wa Marekani, liliwapokea wasiojua kitu na kuwatuma vitani wakiwa wengi kama nzige. Waligundua kwamba chombo duni cha mtu wa juma moja kinaweza kuing'ang'ania meli ya fahari isikimbie, hadi wenye mizinga wafike. Mgeni hakungoja miaka ili awe na faida. Sina hakika kama hiyo niiite malezi au matumizi. Nadhani kuna yote mawili.

Mwaka 2015 watengenezaji walieleza walichokiona walipofuatilia makumi ya maelfu ya wachezaji wapya katika siku zao za mwanzo. Walidhani wageni wanafukuzwa na maharamia. Wakakuta kwamba waliovunjiwa vyombo na watu wengine mapema ndio waliodumu zaidi mchezoni, na wengi waliotoweka hawakuwa wameguswa na mtu. Wapo walioshangilia kwamba basi kipigo ni mwalimu mzuri. Nimelisikia neno hilo katika majengo ya shule maisha yangu yote, na silikubali. Takwimu ile haisemi kwamba kipigo kinafundisha. Mimi naisoma hivi: aliyechimba mawe peke yake kwa siku kumi na tano, pasipo mtu hata wa kumtukana, alikuwa hajaingia ulimwenguni bado.

Nasema hivyo kwa sababu yalinipata. Tangu Novemba 2016 mtu anaweza kuanza bila malipo, jambo linalomfaa mstaafu. Siku yangu ya sita nilikuwa natoka kuchimba nikiwa nimejaza mawe ya veldspar, yasiyo na bei ya maana, mtu akanivunjia chombo mbele ya polisi, nao wakamvunjia chake. Baada ya dakika chache akaniletea ujumbe mrefu: kwa nini alinichagua mimi, ngao ya aina gani ingenifaa, orodha ipi niitazame kabla ya kutia mguu mahali. Mzigo hakurudisha. Lakini mwisho wa ujumbe alinitajia yanakofundishwa masomo ya chuo kile, yale yaliyo wazi kwa watu wote.

Jumapili iliyopita nilihudhuria somo la kukwepa mitego milangoni. Mwalimu, kwa sauti yake, hajafika miaka ishirini na mitano. Ningalikuwa nakagua mazoezi ya kufundisha ningempa B: alianza na maswali, akatumia mifano ya vyombo tulivyokuwa navyo, ila alipitiliza muda kwa dakika ishirini. Mmoja wetu aliuliza jambo lile lile mara tatu. Kijana akamjibu mara tatu, na mara ya tatu alibadilisha mfano.