Maiti Huyu au Maiti Hii? Tabibu katika Riwaya ya Upelelezi

Msomaji wa riwaya za Kiswahili za upelelezi hukutana na askari kanzu, wakili, mrithi mwenye tamaa na hata mganga wa mizimu. Ni nadra kukutana na daktari mchunguzi wa maiti akiwa ndiye mfumbuzi wa fumbo. Jambo hili linashangaza, kwa kuwa fani yenyewe inadaiwa mengi na hospitali.

Arthur Conan Doyle alianza kusomea udaktari Edinburgh mwaka 1876. Huko alimkuta mwalimu wake Joseph Bell, mpasuaji aliyeweza kumtazama mgonjwa na kumweleza kazi na safari zake kabla hajafumbua kinywa. Kwa kiasi kikubwa Sherlock Holmes, aliyechapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1887, alitokana na mwalimu huyo. Lakini Doyle alimgawa tabibu wake mafungu mawili: jicho akampa Holmes, shahada akampa Watson. Aliyeyaunganisha tena ni R. Austin Freeman, daktari aliyewahi kutumikia serikali ya kikoloni huko Gold Coast, yaani Ghana ya leo. Dakta Thorndyke wake, katika The Red Thumb Mark (1907), ni tabibu na mwanasheria kwa pamoja. Nasaba hiyo inashuka hadi kwa Kay Scarpetta wa Patricia Cornwell, daktari mkuu wa uchunguzi wa vifo katika jimbo la Virginia, aliyeanzia katika riwaya ya Postmortem (1990).

Sasa tutazame Unguja. Muhammed Said Abdulla alipomaliza masomo yake mwaka 1938 aliajiriwa kuwa bwana afya, na alidumu katika kazi hiyo miaka kumi kabla ya kuingia katika uhariri wa magazeti. Riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale, iliyoshinda shindano la uandishi la 1957–58 na kuchapishwa 1960, ilimpa Bwana Msa kiko cha Holmes, na Najum akapewa nafasi ya Watson. Udaktari wa Watson haukuvuka bahari. Bwana Msa hapasui. Anauliza nani mtoto wa nani, nani alilelewa wapi, nani atarithi shamba. Ushahidi wake umo katika nasaba na katika ndimi za watu. Kwa sababu hiyo mimi humweka karibu na zile riwaya tulivu za kijijini za Uingereza, ambamo mtu huuawa lakini msomaji haonyeshwi jeraha.

Yapo maelezo mepesi: kwamba katika mwambao wa Waislamu maiti huzikwa upesi na kusitiriwa. Ni kweli, ila hayatoshi. Nadhani lugha nayo ina sehemu yake. Kiswahili kinamlazimisha mwandishi kuamua, karibu katika kila sentensi, kama aliyelala mezani bado ni mtu. Tunasikia “maiti ameletwa”, tunasikia pia “maiti imeletwa”. Mhariri huona hapa suala la ngeli tu. Anayetaka kukwepa hukimbilia “mwili umeletwa”, au “marehemu”, neno lenye rehema ndani yake na lisiloachana kamwe na upatanisho wa mtu. Lakini nani atasema “marehemu amepimwa uzito wa ini”?

Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniletea sura ya kwanza ya riwaya ambayo mpelelezi wake ni daktari wa maiti. Katika ukurasa wa kwanza maiti “aliletwa”. Katika ukurasa wa tatu, kisu kilipoanza kazi, maiti “ilipasuliwa”. Nilipiga mstari mwekundu. Kisha daktari alitoka nje kuzungumza na binti wa marehemu aliyekuwa akingoja barazani, na maiti “akakabidhiwa” kwa wenyewe. Nilirudi nyuma nikaufuta mstari wangu.