Afisa wa Lugalo na Gharama ya Kutowajibishana

Kila nisafiripo kutoka Mbeya kwenda Dar es Salaam, basi likishaupita mji wa Iringa huukumbuka mnara wa Lugalo. Wajerumani waliujenga kwa ajili ya Emil von Zelewski na wenzake waliouawa huko tarehe 17 Agosti 1891. Wanafunzi wetu humjua Mkwawa. Zelewski hutajwa kama aliyeshindwa tu. Nadhani utumishi wake unastahili kusomwa, hasa na wale wanaokalia ofisi za umma.

Zelewski alizaliwa mwaka 1854, akawa afisa wa jeshi la miguu la Prussia. Mwaka 1888 alikuwa Pangani, mwakilishi wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Huko aliipuuza mamlaka ya liwali wa Sultani wa Zanzibar, na katika kumsaka liwali huyo Wajerumani wakaingia msikitini na mbwa. Watu wa Pangani waliinuka, na vita vilivyoongozwa na Abushiri bin Salim vikaenea pwani. Wenyeji walimwita Zelewski kwa jina la Nyundo.

Je, aliwajibishwa? La. Kufikia mwaka 1891 alikuwa kamanda wa jeshi zima la kikoloni, na ndiye aliyeuongoza msafara wa kuwatiisha Wahehe. Dharau aliyoionyesha Pangani alikwenda nayo Uhehe. Aliwahesabu wenyeji wake kuwa watu wa mikuki na ngao tu, akaupitisha msafara mrefu katika njia nyembamba yenye vichaka na mawe. Wahehe walikuwa wamejificha kando. Dakika chache zilitosha. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Zelewski aliuawa pamoja na Wazungu wengine wachache. Lakini waliokufa kwa wingi ni askari wake Waafrika, zaidi ya 200, wakiwamo Wasudani walioajiriwa Misri na vijana kutoka Msumbiji, pamoja na wapagazi. Wahehe nao walipoteza watu, na mwaka 1894 Wajerumani walirudi kulipiza kisasi wakaibomoa ngome ya Kalenga.

Baada ya uhuru, kambi ya Colito jijini Dar es Salaam ilipewa jina la Lugalo. Ni heshima waliyostahili mashujaa wa Uhehe, nami naiunga mkono. Hata hivyo, Lugalo ina somo la pili tusilolifundisha. Sina shaka kwamba Zelewski alikuwa na ujasiri. Kosa kubwa lilikuwa la wakubwa wake, walioyaona ya Pangani kisha wakampa madaraka makubwa zaidi. Dola inayompandisha cheo mtumishi aliyewadhalilisha raia huwa imeahirisha tu maafa, na siku yakifika, wanaoyalipia kwanza ni wale ambao majina yao hayaandikwi mnarani.