Ndege Inajipigia Kelele Yenyewe: Stori ya Redio za Angani, Kuanzia Rufiji Mpaka Mchikichini

Simama jioni moja pale Mchikichini, upande wa Karume, muda ambao daladala zimebanana na wauza mitumba wanaanza kufunga mabelo. Pembeni kuna bajaji imepaki, dereva anasikiliza mechi. Injini imezimwa, redio inasikika safi kabisa. Abiria anapanda, injini inawashwa, na hapo hapo redio inaanza: trrrrrr. Akivuta mafuta, mlio unapanda. Akiachia, unashuka. Goli linafungwa na hajui limefungwa na nani.

Fundi akiitwa hapo, redio hata haigusi. Anainama kwenye injini, anafungua plagi, anasoma herufi zake, anatikisa kichwa, anaweka nyingine. Redio inatulia. Dereva analipa, anaondoka, jina la fundi hakuuliza.

Kumbe kazi ile ina zaidi ya miaka mia moja. Mafundi wa kwanza kuumizwa kichwa nayo walikuwa wa ndege ndogo, na moja ya kurasa zake za mwanzo iliandikwa hapa hapa Tanzania, angani, juu ya mikoko ya Rufiji.

Vita iliyoleta jina la Kariakoo

Mtu wa mjini anajua kwamba jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Waliweka kambi pale baada ya Waingereza kuiteka Dar es Salaam mwaka 1916. Wasichokijua wengi ni kwamba vita hiyo hiyo ilileta huku ndege zenye redio, wakati dunia nzima ndege ilikuwa bado kitu cha ajabu.

Ilikuwa hivi. Wajerumani walikuwa na manowari inaitwa Königsberg. Tarehe 20 Septemba 1914 iliivamia Zanzibar na kuizamisha meli ya kivita ya Waingereza, Pegasus. Baada ya hapo ikaharibika injini, ikaenda kujificha kwenye delta ya Rufiji. Vipuri vya injini vikaburutwa nchi kavu mpaka karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa kule kule porini kwa nguvu za watu.

Waingereza wakaleta manowari mbili zenye kina kifupi, Severn na Mersey, zinazoweza kupanda mtoni. Tatizo likawa moja: mikoko imefunika kila kitu, mpiga mzinga haoni anachopiga. Ndipo zikaja ndege, zikaruka kutoka kisiwa cha Mafia. Kazi yake ilikuwa kuzunguka juu, kuangalia kombora limeangukia wapi, na kutuma taarifa chini kwa redio, kwa alama za Morse.

Siku ya kwanza, 6 Julai 1915, mambo yakavurugika. Manowari zote mbili zilipiga kwa pamoja, na waliokuwa angani wakashindwa kujua kombora hili ni la nani na lile ni la nani. Ukituma sahihisho, linamhusu yupi? Tarehe 11 Julai wakarudi na mpango mpya: apige mmoja mmoja. Hapo taarifa za angani zikaeleweka, na Königsberg ikapatikana.

Siku hiyo hiyo ndege ya rubani John Cull na mtazamaji wake Harwood Arnold ilipigwa na injini ikafa. Wakatuma ujumbe kwamba wamepigwa, boti ije kuwachukua. Halafu, wakati ndege inashuka bila injini kuelekea mtoni, Arnold akaendelea kugonga Morse kuwasahihisha wapiga mizinga. Wakaanguka majini na wote wawili wakaokolewa. Königsberg haikutoka tena Rufiji.

Hapo kuna somo ambalo mafundi wa redio wanaliishi mpaka leo: shida siyo kila mara sauti kuwa ndogo. Mara nyingi kuna sauti nyingine imeingia katikati, na ukiitoa hiyo, ile ndogo inatosha.

Plagi ni kituo cha redio kisicho na leseni

Ndege nyingi za enzi zile zilikuwa zinatuma tu, hazipokei. Kukaa angani, upepo usoni, injini inanguruma, halafu usikie alama hafifu kwenye spika za masikioni, ilikuwa karibu haiwezekani. Ila kelele ya masikioni ilikuwa nusu tu ya tatizo. Nusu ya pili haionekani.

Redio za mwanzo zilitengeneza mawimbi kwa cheche. Umeme unaruka kwenye uwazi mdogo, tah, na wimbi linasambaa hewani. Sasa fikiria plagi ya injini inafanya nini. Umeme unaruka kwenye uwazi mdogo, tah. Ni kitu kile kile! Kila plagi ni kituo kidogo cha redio ambacho hakijaomba leseni kwa mtu, na hakichagui masafa, kinarusha kwenye masafa chungu nzima kwa mpigo. Waya unaokwenda kwenye plagi ndio antena yake.

Piga hesabu kidogo. Shirika la East African Airways lilipoanza Januari 1946 lilikuwa na ndege 6 tu, aina ya Dragon Rapide. Rapide ina injini mbili, kila injini silinda 6, kila silinda plagi 2. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kila plagi inatoa cheche mara 1,000. Zidisha: cheche 12,000 kwa injini moja, 24,000 kwa zote mbili. Kila dakika! Na rubani kakaa katikati yake anajaribu kusikia uwanja unasemaje kuhusu mvua iliyo mbele.

Kibaya zaidi, Rapide ni ndege ya mbao na kitambaa. Ndege ya bati mwili wake wote ni arthi, umeme wa ovyo unapata pa kwenda. Mbao haipitishi umeme. Kwa hiyo mafundi walilazimika kuunganisha vyuma vyote kwa mikanda ya waya, kipande kwa kipande, mpaka ndege nzima iwe kitu kimoja kiumeme. Kiungo kimoja kikilegea, mikwaruzo inarudi.

Ukimya wa ndege ndogo una bei

Mtu anaweza kusema, si mikwaruzo tu, avumilie. Hapana. Ndege ndogo angani haina kituo cha kuegesha. Ikipotea sauti, walio chini wanaanza kufikiria mabaya.

Januari 1954 mwandishi maarufu wa Marekani, Ernest Hemingway, alikuwa Uganda na mkewe kwenye Cessna 180 iliyoendeshwa na rubani Roy Marsh. Karibu na maporomoko ya Murchison ndege iligonga waya wa zamani wa telegrafu, ikaanguka. Wote walikuwa hai, ila dunia haikujua. Walilala porini, kesho yake wakachukuliwa na boti. Huku nyuma magazeti yalishatangaza kwamba Hemingway kafariki. Walipofika Butiaba wakapandishwa ndege nyingine, na ilikuwa Rapide, nayo ikawaka moto ikijaribu kuruka! Akatoka na majeraha makubwa, akaja kusoma tanzia zake mwenyewe. Chanzo cha ajali ile hakikuwa mikwaruzo, lakini stori inaonyesha ndege ndogo isiyosikika inageuka kuwa nini: msiba.

Miaka mitatu baadaye, 1957, ilianzishwa huduma ya madaktari wa ndege ambayo leo inajulikana kama AMREF. Hospitali za mbali zikawa zinaita daktari kwa redio za masafa marefu. Redio hizo zinafika mbali kweli, ila zinabeba kila takataka: radi za mbali, jenereta ya jirani, magneto ya ndege yenyewe. Hapo neno moja likimezwa na mkwaruzo ni mgonjwa, ni jina la kijiji, ni uwanja upi umejaa tope.

Na usidhani mambo yamebadilika sana. Marubani wanaongea na mnara kwa masafa ya kati ya megahezi 118 na 137, na ya dharura ni 121.5. Mtindo wao ni AM, wakati mziki wa mjini upo kwenye FM. Sababu ipo: kwenye FM wawili wakiongea pamoja, mwenye nguvu anammeza mnyonge, hata hujui kama alikuwepo. Kwenye AM wakigongana unasikia mlio mbaya, unajua kuna mtu wa pili. Angani hiyo ni roho ya mtu. Ila gharama yake ndiyo hiyo, AM inabeba kila cheche inayopita.

Fundi anavyomkamata mchawi

Cessna za miaka ya 60 na 70 bado zinapaa Afrika Mashariki, na uzee una mambo yake: mpira wa nyaya unapasuka, matundu ya skrubu yanashika kutu, na kwenye pwani kama Dar chumvi ya bahari inakula kila kiungo. Dawa ya mjinga ni kuongeza sauti ya redio au kununua mpya. Dawa ya fundi ni kuuliza maswali kwa mpangilio.

Kwanza, injini ikiwa imezimwa, washa redio kwa betri. Kelele ipo? Basi mchawi yuko nje, au ni redio yenyewe. Sogeza ndege mbali na majengo na nyaya za umeme, sikiliza tena.

Haipo? Washa injini. Ukisikia tiki-tiki-tiki inayokimbia pamoja na injini, hiyo ni magneto na plagi. Bahati nzuri injini ya ndege ina magneto mbili, na rubani kabla ya kuruka huzijaribu kwa kuzima moja moja. Fundi anafanya vile vile, ila sikio liko kwenye redio. Kelele ikikata ukizima ya kushoto, umeshajua uanzie wapi.

Ukisikia mluzi unaopanda na kushuka, siyo tiki, zima jenereta au altaneta. Ukikata, angalia brashi, kapasita na viungo vyake. Baada ya hapo zima kimoja kimoja: taa ya kumetameta, pampu, na siku hizi mchawi mpya, chaji ya simu ya bei poa iliyochomekwa kwenye tundu. Ndege ya miaka hamsini inahangaishwa na chaji ya elfu tano!

Kelele ikija na mtikisiko tu, tafuta arthi iliyolegea au kitako cha antena chenye kutu.

Kuna sehemu moja ambayo haina utani. Waya unaotoka magneto kwenda kwenye swichi ndio unaoizima magneto. Waya huo nao huleta kelele ukipoteza ganda lake la chuma, kwa hiyo fundi lazima aukague. Lakini ukikatika au ukilegea, magneto inabaki hai hata kama swichi imeandikwa imezimwa. Mtu akija kusogeza propela kwa mkono, injini inaweza kupiga. Anayetafuta mkwaruzo bila kuheshimu waya huo anaweza kupoteza mkono, au zaidi. Ndiyo maana kwenye ndege anagusa fundi mwenye leseni tu, na plagi zake ni za ndege, zimevikwa ganda la chuma mpaka juu. Usichukue ya Gerezani ukadhani inaingia.

Herufi moja tu

Lakini akili ni ile ile. Angalia plagi ya NGK ya pikipiki ndogo: kuna D8EA, na kuna DR8EA. Hiyo R inamaanisha ndani kuna kizuizi kinachotuliza cheche isirushe matangazo. Ndiyo herufi anayoitafuta fundi wa Mchikichini anapoinama kwenye bajaji.

Pale katikati ya mji kuna sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927. Inawakumbuka wanajeshi, inawakumbuka pia wapagazi waliobeba vita ile mgongoni. Majina yao hayapo pale. Cull na Arnold wanasomwa vitabuni, na wanastahili. Ila kuna mtu aliyefunga ile redio Mafia na kukaza waya wake wa mwisho, kuna waliounganisha vyuma vya Rapide mkanda kwa mkanda, na kuna anayefanya hivyo leo uwanjani huku rubani anaangalia saa. Kazi yao ikienda vizuri hakuna kinachosikika, ndiyo maana hakuna anayewauliza majina.

Siku redio yako ikianza kukoroma, usikimbilie kuongeza sauti. Zima kimoja kimoja, sikiliza, mchawi atajitaja. Na fundi akimaliza, muulize anaitwa nani.

Wadau, nani ana fundi wa hivi mtaani kwake? Mpe maua yake hapo chini.