Twiga Husukuma, Mti Huvuta: Hoja Kuhusu Usafirishaji katika Viumbe Hai

Katika tambarare za Mkomazi, chini ya Milima ya Upare wilayani Same, twiga na mbuyu wanakabiliwa na kazi moja: kupandisha kimiminika mita kadhaa kutoka ardhini. Wanafunzi wengi hufundishwa kwamba zailemu (tishu inayopandisha maji) na floemu (tishu inayosafirisha sukari) za mmea ni sawa na mishipa ya damu ya mnyama. Makala haya yanadai kuwa ulinganisho huo unaficha jambo la msingi, nalo ni chanzo cha nguvu.

Twiga hutegemea moyo. Ubongo wake uko takriban mita mbili juu ya moyo, hivyo shinikizo lake la damu ni karibu maradufu ya lile la binadamu. Anapotanua miguu ya mbele na kuinama kunywa maji, vali za vena za shingoni huzuia damu isirudi kichwani, na ngozi iliyokaza miguuni huzuia majimaji yasivujie kwenye tishu. Yote hayo hugharimiwa na nishati ya chakula, usiku na mchana.

Mti hauna pampu ya namna hiyo.

Maji yanapogeuka mvuke na kutoka kupitia stomata, vitundu vidogo vya majani, molekuli zilizobaki huvuta zile za chini yake, kwa kuwa hushikana. Henry Dixon na John Joly wa Dublin walitoa maelezo haya mwaka 1894. Kabla yao, Eduard Strasburger alikwisha kuonyesha kwamba shina ambalo seli zake hai zimeuawa kwa sumu huendelea kupandisha maji. Kwenye Mlima Kilimanjaro, mti mmoja wa mkukusu umepimwa kuwa na urefu wa mita 81.5, ilhali kanieneo ya hewa peke yake haiwezi kuinua maji zaidi ya mita 10 hivi. Nishati ya kazi hiyo hutoka kwa jua.

Inaweza kupingwa kwamba floemu husukuma, na ni kweli. Sukari ikijaa kwenye floemu ya majani huvuta maji kutoka kwenye zailemu, kanieneo hupanda, na utomvu husukumwa hadi kwenye viungo vya kuhifadhia, kama shina la ardhini la tangawizi inayolimwa Mamba Miamba, wilayani Same. Hata hivyo, msukumo huo hauzunguki kama damu: sukari hutoka inakotengenezwa na kwenda inakohitajika.

Tofauti kati ya zailemu na floemu huonekana mti unapochubuliwa gome kuzunguka shina. Majani hubaki mabichi kwa muda mrefu, maana zailemu iliyo ndani ya mbao bado inapitisha maji, huku mizizi ikikosa sukari. Wakati wa ukame hatari ni nyingine: mvuto hukazana mpaka mapovu ya hewa yakate safu za maji. Mti hujikinga kwa kufunga stomata, lakini hapo hupunguza pia utengenezaji wa chakula. Kwa wilaya kame kama Same, somo la usafirishaji lingefaa lianzie kwenye gharama hiyo, kisha ndipo michoro ya mishipa ifuate.